Pole na Mvua

Mgonjwa wa kwanza kumpa Kitinda pole ya mvua alikuwa mwalimu mstaafu, na siku hiyo jua lilikuwa kali mpaka lami ya mbele ya hospitali ilikuwa inang'ang'ania soli za viatu.

Kitinda hakuwa mgonjwa wala mfanyakazi pale. Alikuwa binti aliyemaliza shule, na matokeo yake yalikuwa mazuri kiasi cha kuwagombanisha watu nyumbani. Baba yake, kinyozi, alitaka awe mfamasia. "Unakaa kwenye kiti," alikuwa akisema huku akikung'uta nywele kwenye shuka la wateja, "feni juu ya kichwa, mtu anakuletea karatasi, unampa dawa yake, kwaheri. Damu utaiona kwenye televisheni." Mama yake, mshonaji, alitaka awe mkunga, kwa sababu mkunga ndiye mtu pekee hospitalini ambaye watu humshukuru kwa vigelegele. Dada yake mkubwa, muuguzi wa miaka mingi, alitaka awe chochote isipokuwa muuguzi. "Kuna maabara, kuna eksirei, kuna mazoezi ya viungo," alisema akijikanda kiuno. "Kazi hii yangu iacheni ife na mimi."

Bibi, mzaa mama, alikuwa amelala chumba cha nyuma na moyo uliovimba na miguu iliyovimba zaidi. Yeye hakuulizwa. Kitinda mwenyewe naye hakuulizwa sana. Alikuwa mtulivu kupita kiasi tangu utoto, mtoto wa kukaa mahali pamoja akatazama. Baba yake alipenda kumtania kwamba ukimsimamisha pembeni, wageni watamtundikia makoti.

Ndipo dada akaenda kwa matroni, akaomba mdogo wake azungushwe kila idara ajionee kwa macho yake kabla ya kujaza fomu za chuo. Matroni alikubali kwa masharti: asiguse kitu, asimzuie mtu kazi, na avae koti jeupe lililokuwa limetundikwa ofisini, lisilo na mwenyewe.

Duka la dawa lilimfurahisha kwa nusu saa, kisha akaona kwamba mfamasia hutazama mikono ya watu tu, ikiingia na kutoka kwenye kidirisha. Maabara alionyeshwa damu kwenye darubini, ikaonekana kama shanga zilizomwagika. Kwenye eksirei fundi alimwambia kwa fahari kwamba yeye huwaona watu mpaka ndani, ila hajui sura ya mtu hata mmoja. Kitinda alicheka kwa adabu. Jioni alipoulizwa nyumbani, alisema zote ni kazi nzuri, na baba yake akamwambia mkewe, "Umesikia? Zote. Mtoto anachagua kama mbuzi sokoni, anakula kwenye kila kibanda."

Siku iliyofuata dada yake alimwingiza wodi ya wanaume.

Wauguzi walikuwa wachache na mbio ni nyingi. Dada alimwambia asimame karibu na kitanda cha ukutani asije akagongwa na kigari cha dawa. Kwenye kitanda hicho alilala yule mwalimu mstaafu, mtu mrefu aliyekonda mpaka shuka lilikuwa halijui limefunika nini. Pembeni ya kichwa chake, mtungi wa oksijeni ulikuwa ukibwabwaja. Alifumbua macho, akamtazama Kitinda, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyesikia hodi aliyokuwa akiingojea.

"Pole na mvua, mwanangu," alisema.

Kitinda aligeuka nyuma. Hapakuwa na mtu.

"Umelowa chapachapa. Na njia yenyewe ile. Keti, keti."

"Mimi siye, baba," Kitinda alisema. "Mimi napita tu, natazama kazi."

"Najua umepita mbali," mwalimu alisema, akafumba macho kwa kuridhika.

Kitinda alishika pindo la koti lake. Lilikuwa kavu, tena la moto kwa joto la mle ndani. Asubuhi yake alipopita tena, godoro la kitanda kile lilikuwa limekunjwa katikati na mhudumu alikuwa akipiga deki chini yake.

*

"Watu hufa," dada alimwambia. "Ndiyo maana nakwambia nenda maabara."

Lakini wodi ya wanawake ilikuwa na mama mmoja, muuza vyombo vya plastiki sokoni, ambaye naye alikuwa na mpira wa oksijeni puani. Alimwona Kitinda akiwa bado mlangoni. "Dada!" aliita kwa sauti iliyowashtua wenzake. "Pole na mvua! Nilijua utakuja tu, hata inyeshe vipi." Kitinda alisimama palepale, miguu haitaki kwenda mbele wala nyuma. Mama yule alinyoosha mkono, akakunja vidole kana kwamba anakamua kitu, akacheka. "Tazama maji haya."

Alifariki kabla chakula cha mchana hakijafika.

Safari hii dada aliacha kazi yake. Alimshika mdogo wake kiwiko, akampeleka kwa daktari wa zamu, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, aliyewasikiliza huku akitafuna ndizi. Daktari alicheka, lakini si kwa ubaya. Aliwarudisha wodini, akamwonyesha Kitinda kichupa cha maji kilichokuwa chini ya geji ya mtungi. "Hewa hupita kwenye maji haya isije ikakausha pua. Sikiliza. Fumba macho usikilize."

Kitinda alifumba macho. Kweli kabisa, ilikuwa mvua ya mbali juu ya mabati.

"Umeona? Mtu anapoelekea kuondoka, macho huanza kutangulia. Masikio hubaki. Anasikia mvua, anaona mtu amesimama mlangoni. Yeye mwenyewe anaunga hadithi." Akamtazama tena. "Na wanakuona wewe kwa sababu wewe ndiye pekee humu ndani usiye na kazi. Sisi tunapita. Wewe unasimama."

Nyumbani siku hiyo walicheka sana. Baba aliliigiza tukio zima, akawa mgonjwa, akawa daktari, akawa mtungi. Hata mama alicheka mpaka akajichoma na sindano. Kitinda alilala vizuri.

Mtu wa tatu hakuwa na mtungi. Alikuwa fundi baiskeli aliyevunjika mguu, mguu ukapona, na siku hiyo alikuwa anaruhusiwa. Mkewe na shemeji zake walikuwa wamemletea shati safi. Aliketi kwenye kiti karibu na dirisha, jua limemmwagikia mapajani, akitoleana mizaha na wagonjwa wanaobaki. Kitinda alikuwa akipita kwenda chumba cha mazoezi ya viungo. Fundi baiskeli alinyamaza katikati ya neno.

"Mama," alisema taratibu. "Pole na mvua."

Mkewe alidhani ni mzaha. "Mvua ipi tena, baba watoto?"

Fundi alikuwa akimtazama Kitinda kwa heshima, kama mtoto aliyekosa anavyomtazama mzazi aliyekuja kumchukua shuleni. Alitaka kuinuka ampishe kiti. Hakuinuka. Kichwa kiliinamia kifuani polepole, na yule mke akaendelea kumfunga vifungo vya shati, kimoja, na cha pili, kabla hajaelewa anamvalisha nani.

Damu ilikuwa imeganda mguuni ikapanda mapafuni. Daktari aliandika hivyo na ndivyo ilivyokuwa. Lakini shemeji wa marehemu hakumsubiri daktari. Alimsukuma Kitinda mpaka ukutani mbele ya wodi nzima. "Wewe ni nani? Nani kakuleta hapa? Koti hilo ni la nani?" Wagonjwa walijivuta kwenye vitanda vyao. Mzee mmoja alijifunika shuka usoni ili asionwe naye.

Matroni aliwaita ofisini. Alilipokea koti, akalikunja mwenyewe. "Sisemi umefanya kitu, binti," alisema, macho yake yakiwa kwenye koti. "Lakini hapa tunahudumia watu, na watu wana midomo. Kwa sasa pumzika nyumbani." Dada alisimama pale akiwa na sare yake, muuguzi anayeheshimiwa hospitali nzima, akapokea aibu kama mtoto aliyekojoa darasani.

*

Habari zilifika mtaani kabla yao. Kwenye duka la kunyolea la baba wateja waliingia, wakakaa, wakauliza kwa kuzunguka, "Na yule binti yako wa mwisho, anaendeleaje?" Baba alijibu, "Anaendelea," akawasha mashine. Mzaha ulimwisha. Mwanamke mmoja aliyemletea mama kitambaa cha gauni alikirudia siku ya pili, akisema amebadili mawazo, na alikipokelea nje ya uzio.

Kisha akaja mgeni ambaye hawakumtarajia. Alikuwa mke wa msaga nafaka wa mtaa wa pili, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Aliketi kwenye kiti cha kupimia nguo, akatazama chini.

"Mume wangu ana mwezi hajageuka kitandani," alisema. "Hali, hanywi ila uji wa kijiko. Usiku na mchana anaguna. Hospitali wamemrudisha, wamesema nikae naye. Amekwama, dada yangu. Hapandi, hashuki." Akainua macho. "Nimekuja kukuomba binti yako. Apite tu. Asimame mlangoni tu."

Mama aliacha mguu juu ya kanyagio la cherehani. Ilichukua muda kabla hajaelewa anaombwa nini.

"Toka," alisema.

"Sina ubaya. Amechoka tu."

"Toka nyumbani kwangu! Mwanangu si sumu ya kuazimana!"

Mgeni aliondoka akilia bila sauti. Kitinda alikuwa nyuma ya pazia na alisikia yote. Alipotoka, alimkuta mama yake amesimama katikati ya chumba, mkasi mkononi, anamtazama. Haikuwa hasira. Kitinda aliijua hasira ya mama yake na aliizoea. Hii ilikuwa ile namna ya kumtazama mtu unapojiuliza kama umefunga mlango.

Mchana huohuo mama alihamisha nguo za Kitinda kutoka chumba cha nyuma, alikokuwa akilala na bibi yake tangu utoto, akazipeleka sebuleni. Hakutoa sababu. "Bibi anahitaji hewa," alisema. Tangu siku hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyempelekea bibi uji na maji na beseni. Kila alipotoka alivuta mlango nyuma yake mpaka komeo lilie.

Kitinda alikaa sebuleni na fomu za chuo mapajani. Zilikuwa na nafasi za kuandika kozi tatu. Aliandika famasia ili baba afurahi, akaifuta. Kupitia ukutani alimsikia bibi yake akikohoa, na alijua kila kikohozi: hiki cha kutaka maji, hiki cha kutaka kugeuzwa, hiki cha kutaka mtu tu. Hicho cha mwisho ndicho kilichokuwa kikirudi.

*

Bibi alikataa uji siku ya Jumamosi. Jumapili alikataa na maji. Mama alimbembeleza kwa kijiko, naye akakaza midomo, akauliza, "Yule yuko wapi?"

"Yule nani, mama?"

"Aliye nje."

Mama alitoka mle ndani, kijiko bado kiko mkononi. Dada aliitwa, akaja moja kwa moja kutoka kazini, akampima bibi mapigo na presha, akamsikiliza kifua. Alipotoka alivua kipimo shingoni. "Ni leo au kesho," alisema. "Tunaweza kumpeleka hospitali, lakini atafia njiani." Baba alikuwa amefunga duka. Aliketi kwenye kiti cha kupimia nguo, kofia kichwani, akitazama mikono yake.

"Anamtaka Kitinda," mama alisema kwa kunong'ona, ingawa Kitinda alikuwa palepale. "Sitaki. Bado ana siku zake. Asipoingia, huenda..."

"Huenda nini, mama?" dada aliuliza.

Mama aliuvuta mlango wa chumba cha nyuma mpaka komeo likalia.

Dada alimvuta Kitinda uani, kwenye kamba za nguo. Jua lilikuwa linawaka mpaka chini hapakanyagiki. Kitinda alishika kamba ya nguo.

"Je, kama ni mimi?" aliuliza. "Dada, kama ni mimi kweli ninayewaletea?"

"Kama ni wewe kwa kusimama, basi mimi kwa sindano zangu nimemaliza mtaa." Dada alitaka kucheka, ikashindikana. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Nikwambie kitu. Miaka yote niliyofanya kazi hii, hakuna anayekufa aliyewahi kunipa pole ya chochote. Unajua kwa nini? Huwa nimeshaondoka. Nikiona mtu amefika pale, nampigia simu ndugu yake, nakwenda kitanda kingine ambako bado nina la kufanya. Tunafanya hivyo sote. Tunaiita ratiba." Alijikanda kiuno. "Mimi sijui wanaona nini. Daktari ana maelezo yake, na yule wa baiskeli hakuwa na mtungi. Sijui. Lakini wote watatu walifurahi kukuona. Hilo nililiona mwenyewe, na sijaliona mara nyingi."

Kutoka ndani bibi alikohoa kile kikohozi cha kutaka mtu tu.

Kitinda aliingia. Mama yake alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chumba cha nyuma, mkono kwenye fremu. Walitazamana.

"Mama, ananiita."

Mama alitaka kusema neno. Badala yake aliushusha mkono.

Chumba kilikuwa na joto na harufu ya dawa ya kuchua. Hapakuwa na mtungi wala feni, wala hata bomba la kudondosha maji. Dirisha lilikuwa wazi na mwanga mweupe wa mchana ulikuwa umejaa mpaka dari. Bibi aliuinua uso.

"Kitinda," alisema.

Wale wengine walikuwa wamemwita mwana, dada, mama. Huyu alimwita yeye.

"Pole na mvua, mjukuu wangu."

Mara zote tatu alikuwa amejibu, au ametaka kujibu, kwamba si yeye. Safari hii alikuja mpaka ukingoni mwa kitanda, akaketi mahali alipokuwa akiketi tangu utoto.

"Asante, bibi," alisema. "Ni kubwa kweli. Lakini nimefika."

Bibi alitikisa kichwa, ameridhika. Mkono wake ulipapasa, ukamkuta Kitinda nywele, ukazipangusa kuelekea nyuma kama unavyompangusa mtoto maji yasimwingie machoni. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Kisha akasimamisha mkono.

"Na wenzako?"

"Wenzangu, bibi?"

"Hao uliokuja nao. Umewaacha nje wanalowa?"

Kitinda aligeuka kuutazama mlango. Ulikuwa umerudishiwa nusu. Alitamani kumwita mama yake kama mtoto mdogo. Lakini bibi alikuwa akisubiri, kwa ile sura ya mwenye nyumba anayeona aibu mbele ya wageni. Kitinda aliinuka, akaufungua mlango wote.

"Karibuni," alisema. "Karibuni ndani."

Pale ukumbini mama yake alirudi nyuma, akaubandika mgongo ukutani, kama mtu anayepisha watu waliobeba mizigo. Baba alivua kofia. Dada alitazama sakafuni, mahali ambapo miguu ingepita. Hakuna aliyeona kitu. Lakini wote walisubiri kidogo, kama wanavyosubiri wenyeji wakati wageni wanavua viatu, na hakuna aliyeanza kusema mpaka ule muda ulipokwisha.

"Sasa funga," bibi alisema. "Baridi."

Kitinda alifunga. Akaketi, akamshika bibi mkono. Mama aliingia baadaye, akaketi upande wa pili, na bibi akamtazama, akamwambia kwamba gauni lake limemkaa vizuri. Alipumua hivyo mpaka jua lilipoanza kushuka kwenye dirisha, pumzi moja mbali na nyingine, kisha hapakuwa na nyingine. Kitinda ndiye aliyemfumba macho.

*

Waombolezaji walipotawanyika na viti vya kuazima vikarudishwa, fomu zilikuwa bado zipo juu ya kabati. Baba alizishusha, akazipangusa vumbi kwa brashi ya shingo za wateja.

"Haya," alisema. "Famasia?"

"Uuguzi, baba."

Dada, aliyekuwa akijipaka dawa kiunoni, alisonya. "Uuguzi wa wapi? Matroni hatakubali ukanyage pale."

"Nimeshakwenda kwake jana. Nimemwambia nikimaliza chuo nataka wodi ya mwisho wa ukumbi, ya wale ambao dawa haziwasaidii tena."

"Akasemaje?"

"Aliniuliza kama naumwa. Kisha akasema hajawahi kuona mtu anaiomba ile, huwa anatupa wauguzi kule kama adhabu. Akasema nisome kwanza."

Baba alitazama dirishani, akatafuta mzaha, akaukosa. "Na yule mke wa msaga nafaka?" aliuliza hatimaye. Mume wake alikuwa bado anaguna. Mtaa mzima ulijua.

"Nitakwenda leo jioni," Kitinda alisema. "Si kusimama mlangoni. Nitakaa naye, mkewe apate kuoga na kulala kidogo. Iwe anaondoka, iwe haondoki."

Wote walimtazama mama. Ndiye aliyekuwa amemfukuza yule mwanamke, na walijua bado ana neno. Mama alikuwa ameinamia cherehani, anamalizia pindo. Alisukuma kanyagio mpaka mwisho wa kitambaa, akakata uzi kwa meno.

"Mpelekee na sabuni," alisema. "Nyumba yenye mgonjwa huishiwa sabuni." Akaligeuza gauni, akalikagua mishono, bila kuinua macho. "Na siku yangu ikifika, uje wewe. Dada yako nampenda, lakini ana haraka."

"Mama, nipo hapa, nakusikia," dada alisema.

"Ndiyo," mama alisema, akaweka kitambaa kingine chini ya sindano. "Nimesema usikie."